Kesi ya Muze na Chala Kwenye Tangi la Fundi Rafaeli

Kama hujakaa kijiwe cha Fundi Rafaeli, Sumbawanga umepita tu, hujafika. Kiko barabara ya kwenda sokoni, kwenye baraza la karakana yake ya friji. Ukutani kuna meza ya chuma, na juu yake tangi la samaki lenye urefu wa hatua mbili, alilolitengeneza mwenyewe kwa vioo vya friji za soda zilizokufa. Mbele yake ndipo lilipo benchi letu la mninga, tunalitazama tangi kama wenzetu wanavyotazama mpira. Kati ya benchi na tangi, mwisho wa kushoto, yuko Margareth na jiko lake la mkaa, birika na vikombe. Ndani ya tangi kuna vikambare watano wa kutoka Asia, rangi ya chungwa na mistari mitatu myeusi, wana vindevu mdomoni. Walikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam ndani ya mifuko ya nailoni iliyojazwa hewa. Aliyewauza alimwambia Rafaeli, "Huko kwenu kuna barafu, hawamalizi mwezi." Wamemaliza kumi. Watu wanatoka kijijini Kate na kuku mkononi, kabla ya kufika sokoni wanapita kwanza hapa kushangaa. Tumewapa majina ya miji ya kwetu: Muze, Chala, Kate, Laela na Kirando. Mimi Soli, fundi viatu wa mlango wa pili, huwa nawaonyesha wageni kana kwamba nimewazaa.

Asubuhi hiyo ya Julai nilikuta kijiwe kimya. Chala alikuwa peke yake kwenye beseni la bluu. Mkia umechanika, ubavuni ana jeraha jekundu. Rafaeli amechuchumaa pembeni, na mkononi ana tiketi ya basi.

— Fundi, unasafiri? nikamuuliza.

— Kesho alfajiri. Nawarudisha Dar.

— Nani?

— Wote watano. Wiki ya tatu hii wanapigana. Kwanza Laela, halafu Kate, sasa Chala. Nikisubiri wiki nyingine nitarudisha maiti.

Nasema kweli, nilitaka kumnyang'anya ile tiketi. Kijiwe bila tangi ni mbao nne na kahawa.

— Hawarudi! Hiyo ilikuwa sauti ya Gaudensi, mfanyabiashara wa mahindi. Tunamwita Mwenyekiti, ingawa hakuna aliyemchagua. — Yule muuzaji atacheka mpaka adondoke. Atasema, si niliwaambia, kule juu hakiishi kitu kizuri! Kaa chini, Fundi. Hili jambo tunalimaliza hapa, kabla birika halijaisha.

— Na birika liko nusu, akasema Margareth.

Tukakaa. Hapo kuna utaratibu wa kusukumana kidogo, maana kila mtu ana mahali anapopapenda. Mwishowe Mwenyekiti akawa wa kwanza kushoto, akafuata Mzee Loth, kisha mimi, kisha Eustaki. Mzee Loth alikuwa karani, amestaafu, tunamwita Kamusi kwa sababu hajawahi kusema hajui. Eustaki ni dereva wa lori, mzaliwa wa Muze, kule bondeni kwenye joto. Jina lake la kijiweni ni Kona, kwa zile kona za kuteremkia kwao.

— Kona, mbona umevaa makoti mawili? Kamusi akamchokoza.

— Baridi, mzee wangu. Huku kwenu mtu anaoga kwa kuapa.

— Watu wa bondeni bwana! Sisi watu wa juu baridi hatuisikii. Mimi nimezaliwa Julai, nikaogeshwa nje.

— Ndiyo maana hukurefuka, akasema Margareth.

Mwenyekiti akapiga goti.

— Tuanze kesi. Mtuhumiwa ni Muze. Nimemwona kwa macho yangu akimchoma Chala na kile kijisu chake.

Kweli hawa samaki wana mwiba chini ya jicho. Wakikasirika wanauchomoa kama mtu anayefungua kisu cha kukunja, na majini unasikia tak, tak. Halafu rangi inawatoka, wanakuwa wa kijivu.

— Mwenyekiti, wewe si kwenu Chala? Kona akauliza.

— Kwetu Chala, tena sifichi.

— Basi hakimu ana undugu na mlalamikaji. Kesi haipo.

— Na wewe wa Muze unamtetea nani? Mwizi wa kwenu?

— Muze hajaiba kitu! Muze ana nguvu tu. Fundi, unawalisha nini?

— Minyoo, akajibu Rafaeli. Na tango la kuchemsha. Na Jumapili Mwenyekiti huwa anawatupia ugali wa ulezi nikiwa misani.

— Ndiyo hiyo! Kona akaruka. — Ulezi! Mtu wa Asia hajauzoea. Mimi mwenyewe nikila ugali wa ulezi asubuhi, mchana nabishana na trafiki.

— Ulezi haujawahi kumdhuru mtu, akasema Mwenyekiti kwa uchungu. — Ulezi umejenga jimbo hili. Nilitaka nao wajue wamefika kwa watu.

Kamusi akaweka kikombe chini. Akiweka kikombe chini, ujue anakuja na jambo.

— Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mzee, hiyo inahusu nini? Wageni ndio wanaoumizana.

— Subiri. Mgeni amekuja, mwenyeji ni sisi, sisi tumepona, kwa hiyo mgonjwa ni mgeni. Ni hesabu tu.

Tukasubiri. Hapakuwa na kingine.

Rafaeli hakucheka. Alikuwa amechovya mkono kwenye beseni kupima kama maji bado vuguvugu. Ghafla Chala akalala ubavu, kimya, jicho juu.

— Amekufa! nikapiga kelele.

— Hajafa. Wanalala hivyo. Siku ya kwanza nilimwamsha Kirando mara nne nikidhani ni msiba.

Mapezi yakatikisika kidogo. Moyo wangu ukarudi. Kona akatoa karatasi ya chumvi aliyokuwa akichovyea muhogo.

— Mwekee chumvi, Fundi. Jeraha bila chumvi haliponi.

— Rudisha mfukoni! Rafaeli akakinga beseni kwa kiwiko. — Hawa hawana magamba ya kueleweka, ngozi yao laini kama ya mtoto. Chumvi itamchoma.

— Basi hii. Mwenyekiti akachomoa kidonge cha rangi mbili, nusu njano nusu nyekundu. — Ilinikausha jino.

— Jamani, huyu si jino lako! Anachohitaji ni maji safi, joto, utulivu, na asiguswe na wenzake. Hayo naweza kumpa. Akipona nimrudishe wapi? Kwenye masumbwi yaleyale? Hicho ndicho ninachowauliza.

Alisema kwa sauti ya chini, na hapo nikaona jinsi alivyochoka. Rafaeli ametengeneza mafriji ya nusu ya mji huu. Lakini mtu akimsifia friji hujibu "asante" tu. Mtu akimsifia tangi hunyamaza, halafu anafuta kioo kwa mkono wa shati.

— Na hawakuwa hivi, akaendelea. — Mpaka Mei walikuwa wanazunguka tangi zima, mmoja nyuma ya mwenzake, kama watoto wanaokwenda shule. Kile kipasha maji kilipoungua Juni nikasema basi, baridi imewamaliza. Mkaniokoa ninyi, mkasema jiko lisogezwe.

— Wazo lilikuwa langu, akasema Mwenyekiti haraka.

— Lako? Kamusi akamgeukia. — Mimi ndiye niliyesema, kwa desturi yetu mgeni akiingia miezi kama hii haulizwi habari mpaka apewe kigoda karibu na moto. Nikasema hawa nao ni wageni wetu.

— Na aliyebeba jiko kutoka katikati mpaka huku kushoto, kwenye chungu chao cha kulalia, ni nani? akauliza Margareth. — Mlinisaidia kubeba kwa midomo.

Tukakubaliana kwamba ni jambo jema, na kwamba mji mwingine usingekuwa na wazo kama hilo. Nilijisikia fahari kweli. Sehemu gani nyingine watu wanampa samaki kigoda?

Kona akarudi kwenye kesi.

— Labda ni kioo. Anajiona, anadhani ni mwingine, anapiga.

— Mbona alijiona miezi tisa akanyamaza? akajibu Rafaeli.

— Labda redio. Mnawafungulia taarifa ya habari saa mbili. Hata mimi zikisomwa habari za nje natamani kumpiga mtu.

— Hapana, akasema Kamusi, na kikombe kikashuka tena. — Nimeshaelewa. Kosa ni majina.

— Majina?

— Mmewapa majina ya miji. Muze, Chala, Kate, Laela, Kirando. Ukishampa mtu jina la mji, anaanza kuuliza makao makuu yatakuwa wapi. Kile chungu ni makao makuu! Muze anasema mimi niko karibu na ziwa. Chala anasema mimi niko barabarani. Laela anasema mimi nina mahindi. Hapo ugomvi hauishi, mpaka waje wataalamu.

Nasikitika kusema kwamba ilituingia akilini. Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kutikisa kichwa.

— Chala panafaa, lakini. Pana nafasi.

— Panafaa wapi? Kona akainuka kidogo, na alipokaa tena alikaa juu ya paja langu. Nikamsukuma, nikamgonga Kamusi, Kamusi akamgonga Mwenyekiti, kahawa ikamwagika kwenye suruali ya Mwenyekiti.

— Kaa kwako, Kona!

— Kwangu wapi? Mmenisukuma nusu saa nzima!

— Kiwiko chako, Soli!

— Kiwiko changu kiko hapa tangu asubuhi!

Tulikuwa tumefika hapo, viwiko vimesimama, ndipo tuliposikia hodi. Mwanamke wa makamo, amejifunga vitenge viwili na kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi.

— Shikamooni.

— Marahaba, wakaitikia wazee.

— Dada Winifrida! Kona akafurahi. — Jamani, huyu ni wa kwetu Muze, anauza samaki wa ziwani.

— Nimefuata friji yangu, Fundi. Uliniambia iko tayari.

— Iko tayari, mama. Nipe dakika tano, nina mgonjwa. Karibu kahawa.

— Nimeshakaribia.

Lakini hakukaa. Alisimama akatutazama, kwanza sisi, kisha benchi, kisha tena sisi. Watu wa bondeni wana macho ya taratibu.

— Samahani wazee wangu, akasema. — Benchi lote lile liko tupu. Mbona ninyi wanne mmebanana kwenye kona hii moja mpaka mnapigana viwiko?

Niliangalia kulia kwangu. Kweli, kutoka kwa Kona mpaka mwisho wangekaa watu watano na mizigo yao. Mbao ilikuwa na umande.

Swali dogo. Hata mtoto angelijibu. Jiko liko kushoto, na upepo wa Julai ukitoka milima ya Mbizi unakata mpaka mfupa. Lakini nani aliseme hilo mbele ya mtu wa Muze? Mwenyekiti akachunguza suruali yake. Kona angeweza kujibu, yeye baridi hakuionea aibu, ila alikuwa anatutazama kwa raha, anasubiri. Kamusi akashusha kikombe, akafungua mdomo, akaufunga. Miaka yote niliyomjua, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Rafaeli ndiye aliyesimama. Alitutazama mmoja mmoja, tulivyogandana kama mihogo ya gunia moja. Halafu akageuka akatazama tangi. Muze, Kate, Laela na Kirando walikuwa wamejazana kushoto, kwenye chungu, mbele ya jiko. Tak, tak. Hatua nzima na nusu ya maji upande wa kulia ilikuwa tupu.

Akatia mkono kushoto, akautoa. Akatia mkono kulia, akautoa haraka.

— Mungu wangu, akasema. — Friji ikipoa upande mmoja tu, mimi ndiye wa kwanza kumwambia mwenye nayo kwamba imeharibika. Miaka ishirini kwenye kazi hii!

— Kumbe si makao makuu? akauliza Mwenyekiti.

— Margareth, shika huku.

Wakabeba jiko mpaka katikati. Rafaeli akaingia ndani, akatoka na blanketi lake la kijivu, akalizungusha tangi nyuma na mbavuni, vile mama zetu wanavyofunika mtungi wa pombe ya ulezi ichachuke sawasawa. Akavunja chungu kikuukuu vipande viwili, akaviosha, akavilaza upande wa kulia viwe vyumba.

— Leo nakitengeneza kile kipasha hata kama nitalala nacho, akasema. — Na Chala akishapona mkia, anarudi nyumbani kwake.

Tulingoja. Hakuna aliyeuliza methali. Baada ya muda mrefu Laela akachomoza kichwa, akapapasa mchanga kwa ndevu zake, akavuka katikati ya tangi. Kirando akamfuata. Kisha Kate, na rangi yake ya chungwa ikaanza kurudi. Muze akabaki na chungu chake, peke yake, hana wa kumpiga. Nilitaka kupiga makofi. Rafaeli akafuta kioo kwa mkono wa shati, mahali ambapo hapakuwa na uchafu, na macho yake yalikuwa na maji.

Tiketi aliikunja mara nne, akainama akaitia chini ya mguu wa benchi, ule unaoyumba.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Margareth akimkabidhi Winifrida kikombe. Safari hii hakuna aliyebisha. Akainamisha birika kwa ajili yetu, likatoa matone mawili.

Winifrida akakaa mwisho wa kulia. Na sisi, polepole, mmoja baada ya mwingine, tukaanza kuteleza juu ya benchi kufuata jiko. Kamusi ndiye aliyekuwa wa mwisho kusogea. Alivuta koti, akakohoa, akatazama juu ya paa.

— Si baridi, akasema. — Tunapisha hewa.

— Sijasema baridi, baba, akajibu Winifrida.