Shika Mkia Kwanza

Ndugu waombolezaji, mimi ni Raimo, mdogo wake marehemu, nimeuguza na nimechoka, mtanivumilia nikisoma polepole.

Marehemu Verna Lindgren, wa ukoo wa Kivela kabla ya kuolewa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa Cloquet, Minnesota, mtoto wa kwanza wa mfanyakazi wa kiwanda cha karatasi, akasoma shule za hapahapa hadi mwaka 1969, kisha akasomea ualimu Duluth, akahitimu Juni 1973. Kila Jumamosi alirudi nyumbani kunifanyia majaribio kwenye meza ya jikoni, ananipa neno refu la kitabibu na penseli nyekundu, nilikate vipande kwa mistari, kisha nilisome kuanzia mwisho, maana kipande cha mwisho ndicho kinachosema kama ni uvimbe, maumivu au kupasuliwa. "Acha woga, mdogo wangu, neno halina meno," alikuwa akisema, "shika mkia kwanza."

Alifundisha biolojia miaka thelathini na minne, na wauguzi kadhaa walioketi hapa walipitia penseli hiyo, wengine wakiilaani. Tarehe 14 Juni 1975 alifunga ndoa na Orrin Lindgren, wakajaliwa binti mmoja, Karin, na Orrin akatutangulia mwaka 2009.

Tarehe 7 Novemba 2023, baada ya mgongo kumsumbua tangu kiangazi, nilimpeleka hospitali, daktari akamwandikia jina la ugonjwa kwenye karatasi, naye akatoa penseli, akachora mistari yake, akaikunja karatasi, akaniambia ni mgongo wa uzee tu, twende tukanywe kahawa. Sikumuuliza kitu. Krismasi tulikula uji wa mchele kama kawaida yetu, tukacheza karata, akanifunga, akanicheka.

Alifariki nyumbani kwake Ijumaa, tarehe 19 Januari 2024, saa nne asubuhi. Juzi Karin aliikuta ile karatasi mkobani, na chini ya kipande cha mwisho mama yake ameandika, "Raimo asijue kabla ya Krismasi."

Tunawashukuru madaktari, majirani waliotuondolea theluji mlangoni bila kuombwa, na walimu wenzake walioleta chakula hadi jokofu likakataa kufungika.

Dada, siku ile nilisimama nyuma ya kiti chako, neno nililiona, nikaanzia mkiani kama ulivyonifundisha, nikanyamaza ili na wewe uipate Krismasi yako. Hatuna tena cha kufichana, weka penseli chini, upumzike kwa amani.