Bi Zima-Washa Aliposhindana na Sauti Yake Mwenyewe

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama simu iko mkononi, iweke chini kidogo. Mama aliyekuwa akikuambia hivyo kila Jumamosi asubuhi hatunaye tena. Bi Zima-Washa amefariki dunia. Amefariki Jumanne, nyumbani kwake, mume wake na binti yake wakiwa kando yake. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi. Bi Zima-Washa, mwenye kipengele cha Mwezi Mmoja Nyumbani, ametutoka akiwa na miaka sabini na minane.

Nimeonywa nisilie hewani, nami nitajitahidi. Kucheka sikukatazwa, na ni vizuri, kwa sababu habari za mama huyu huwezi kuzisimulia ukiwa umenuna.

Jina hilo mlimpa ninyi wenyewe. Mtu akipiga simu kulalamika kwamba kompyuta imegoma, au televisheni inaonyesha chenga tupu, mama alikuwa na swali moja la kuanzia: "Umezima ukawasha?" Mtu hajazima. Anazima, anawasha, mambo yanakuwa sawa, anaona aibu. Basi jina likamganda.

Alianza kazi akiwa msichana, kwenye chumba cha simu cha hospitali kubwa. Enzi hizo hukumpata daktari moja kwa moja. Ulimpata opareta, naye akachomeka waya na kukuunganisha. Bi Zima-Washa ndiye aliyekuwa opareta. Alizijua sauti za madaktari wote. Alimjua ambaye ukimwamsha anakuja mbio, na ambaye ukimwamsha anakuitikia vizuri kisha anarudi kulala. Dada yake mdogo ameniambia: "Dada alikuwa anarudi masikio yanamuuma, lakini hadithi zake hazikuisha hadi tunaosha vyombo."

Kisha ikaja mashine inayounganisha simu yenyewe. Wakubwa wakawakusanya maopareta wote, wakawakatia keki, wakawapigia makofi, wakawaaga. "Nikasema asante," alinisimulia. "Mtu ananitoa kazini, nami namwambia asante, keki yenu tamu." Alilisema hilo akicheka, lakini nilimjua. Lilimkaa rohoni. Tafadhali likumbukeni hili, wasikilizaji: mashine ilimtoa kazini mara moja, naye akasema asante.

Usidhani alizichukia mashine. Hata kidogo. Alizipenda kama mtu anavyompenda mjomba mwongo: unamkaribisha, unamsikiliza, lakini pochi unaishika. Mume wake, dereva mstaafu wa malori, anasema: "Mimi nilioa mke mmoja na chaja kumi na nne. Ukikaa kwenye kochi letu lazima kwanza upapase."

Hapa redioni aliingia kwa ugomvi. Mtangazaji mmoja alikuwa anasifia saa mpya ya mkononi inayopima usingizi. Mama akapiga simu. Akauliza taratibu, "Mwanangu, hiyo saa umeivaa?" Mtangazaji akasema hapana, amesoma habari zake tu. "Basi nyamaza kwanza," akasema mama. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake." Studio nzima iliangua kicheko, na wiki iliyofuata akawa na kiti chake mezani.

Kanuni yake ilikuwa hiyo hiyo miaka yote. Kifaa hakizungumziwi mpaka kimekaa nyumbani kwake mwezi mzima. Kiwekwe jikoni, kiguswe na mikono yenye unga, kikatikiwe umeme, kiangushwe na wajukuu. Ndipo aje aseme.

Na akisema, amesema. Ile saa ya usingizi aliivaa mwezi mzima. "Imeniamsha ili kuniarifu kwamba sijalala vizuri." Simu ya kukunja? "Kukunja nguo kwanza kumenishinda." Lile fagio linalojiendesha lenyewe alilisifia wiki ya kwanza. Wiki ya pili likaingia chini ya kabati, likakwama, likampigia simu aje kulitoa. "Nimelea watoto wangu, nimelea wa wenzangu, sasa nalea fagio." Kila mara alimalizia kwa kusema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Lakini kitu kikiwa kizuri hakukionea wivu. Alikuwa na neno moja tu, "Nunua," na mwenye duka aliyelisikia neno hilo siku ile alifunga mapema kwa sababu rafu zilikuwa tupu.

Sasa nije kwenye siku ambayo sitaisahau.

Miaka minne iliyopita alipasuliwa goti. Akawa nje ya hewa muda mrefu, anatembelea mkongojo. Meneja wetu, mtu mwema, mniamini, akapata wazo. Kulikuwa na programu mpya ya kompyuta, hii akili bandia mnayoisikia kwenye habari. Unailisha sauti ya mtu, nayo inajifunza kusema kama yeye, hata kujibu maswali. Sauti ya Bi Zima-Washa tulikuwa nayo tele kwenye maktaba. Wakailisha. Ikajifunza.

Mama aliporudi aliitwa ofisini, nami nikaitwa. Mezani palikuwa na keki. Meneja hakujua habari za keki, maskini. Mimi nilijua. Nilitamani kuingia chini ya zulia.

"Mama," meneja akaanza, "umetufanyia kazi kubwa. Sasa pumzika. Sauti yako itaendelea. Haitaugua, haitachelewa, haitapanda ngazi."

Bi Zima-Washa aliitazama keki kwa muda. Akaegemeza mkongojo ukutani. Akasema, "Mara ya kwanza nilikuwa msichana, nikasema asante. Leo asante sina."

Meneja ananitazama, mimi naitazama dari.

"Jumamosi ijayo," mama akaendelea, "tukae wawili hewani, mimi na hiyo sauti. Kifaa kimoja. Wasikilizaji wasiambiwe nani ni nani. Wakiichagua yenyewe, nitaila hiyo keki niende zangu. Wakinichagua mimi, kiti changu usikiguse mpaka nikiache mwenyewe." Meneja akakubali. Angefanyaje?

Kifaa kilikuwa birika la umeme linaloongozwa kwa simu. Mama alikuwa nalo nyumbani tangu alipotoka hospitali, mwezi umepita. Kompyuta ilipewa karatasi zote za watengenezaji. Jumamosi ikafika. Mama alivaa gauni alilovaa kwenye harusi ya binti yake.

Ikaanza sauti ya kwanza. Wasikilizaji, nywele zilinisimama. Ilikuwa yeye. Hata kile kikohozi chake kidogo kabla ya mzaha kilikuwemo. "Birika hili litaibadilisha asubuhi yako," ikasema. "Ukiwa bado kitandani, maji yanachemka." Ikaendelea hivyo, tamu, bila kukwama. Nilimtazama mama. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, niliona ameushika mkongojo kama mtu anayetaka kuondoka. Niliogopa kwa niaba yake.

Ikaja sauti ya pili. "Ni kweli maji yanachemka ukiwa kitandani. Lakini lazima uwe umeamka kwanza ukalijaza, maana birika halina miguu. Siku moja mtandao ulikatika nikiwa na mgeni. Nabonyeza, linaniambia linasubiri ruhusa. Ruhusa ya nani? Maji yangu, umeme wangu, mgeni wangu. Mume wangu akachemsha kwa sufuria, mambo yakaisha. Ila haki yake nitaisema. Linazima lenyewe. Dada yangu ameshasahau maji jikoni mpaka akakaribia kuchoma nyumba. Huyo nitamnunulia. Ninyi wengine, sufuria."

Laini za simu zikaanza kuwaka. Wengine kwanza, wengine pili. Wengi walikiri hawajui, na roho yangu ikazama. Kisha akapiga mama mmoja, fundi mstaafu wa kushona nguo. Hakuchagua. Aliuliza tu. "Mimi mkono wa kushoto umepooza. Mfuniko wake unafunguka kwa mkono mmoja?"

Sauti ya kwanza ikajibu mara moja: "Mfuniko wake umebuniwa kwa ustadi wa hali ya juu ili kukurahisishia maisha."

Sauti ya pili ikasema: "Haufunguki, ndugu yangu. Mwezi mzima nilikuwa na mkongojo mkono mmoja. Nililibana kwapani, nikajimwagia. Usinunue."

Yule fundi akavuta pumzi. "Basi wa pili ndiye mtu," akasema. "Mwenzake hajawahi kushika birika."

Kuanzia hapo ilikuwa kazi ya kuhesabu tu. Dada yake mwenyewe akapiga. "Wa kwanza anafanana na dada yangu. Wa pili ndiye dada yangu. Nani mwingine angeniumbua mbele ya nchi nzima?"

Aliishinda, wasikilizaji. Narudia. Mashine ilimtoa kazini akiwa msichana, na uzeeni aliishinda, kwa sauti yake mwenyewe, sote tukisikia. Wahariri walitoka vyumbani, fundi mitambo alipiga meza, nami nilipiga kelele mpaka nikazimiwa kipaza sauti. Meneja aliingia na keki mpya na kisu, akainamisha kichwa: "Mama, kiti ni chako." Mama alikula vipande viwili. "Leo naila kwa jasho langu," akasema. Miezi baadaye watengenezaji wakabadilisha mfuniko wa birika. Mimi sisemi ni kwa sababu yake. Yeye alisema ni kwa sababu yake.

Alikaa kwenye kiti hicho miaka mitatu zaidi, akakiacha mwenyewe.

Juzi Alhamisi wenye ile programu walipiga simu. Walikuwa bado na sauti yake. Walitaka kutusaidia, bure, ili leo Bi Zima-Washa awaage wasikilizaji yeye mwenyewe. Meneja hakuamua. Alikwenda kuiuliza familia. Binti yake, muuguzi, alifikiri, akasema hivi, nami ninayasoma kama alivyoyasema: "Mama hakuwahi kusimulia kitu ambacho hajakaa nacho. Sasa amekwenda mahali ambako hiyo kompyuta haijafika. Itatuambia nini?"

Ile sauti imefutwa. Meneja ameifuta mwenyewe, mbele yetu.

Kwa mzee, mume wake. Kwa binti yake, kwa dada yake, kwa wajukuu walioangusha vifaa vyote vile. Poleni sana. Msiba huu ni wenu, na sisi tumeubeba pamoja nanyi. Mungu ampokee na ampe pumziko.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, nawaomba jambo moja. Leo mkifika nyumbani, muulizeni mzee wenu anaionaje ile simu mliyomnunulia. Kisha mnyamaze. Ataanza kulalamika. Mwacheni alalamike mpaka amalize. Anayelalamika yupo.

Dakika zake za Jumamosi hatutaziwekea muziki. Tunazifungua kwenu. Pigeni mtuambie kitu mlichokaa nacho, kizuri au kibaya, bila kumwogopa mtu. Naona laini zote zimeshawaka. Haya, wa kwanza, uko hewani.