Vumbi Usoni mwa Bibi Sindano

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali yetu. Waheshimiwa wajumbe wa Bodi. Bwana Mtaalamu wa Picha, ambaye kazi yake ndiyo iliyotukusanya hapa. Madaktari na wauguzi. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi akina mama mliosimama nyuma na watoto mgongoni kwa sababu viti vya mbele vimewekewa makoti ya watu: nawasalimu nyote, na ninyi wa nyuma nawasalimu mara mbili.

Mimi mnayeniita Bibi Sindano nimeombwa kufanya mambo mawili madogo. Nifunue picha yangu ya enzi za uuguzi, kisha nikate utepe wa Chumba cha Kumbukumbu. La kwanza nimelifanya mbele ya macho yenu, na makofi mmepiga. Kabla sijafika kwenye la pili, naomba mtu anitambulishe kwa huyu binti aliyeko ukutani. Maana mimi simjui.

Msicheke, nauliza kweli. Gauni ni langu. Meza ni yangu, ile yenye mguu mfupi tuliouwekea kipande cha tofali. Sindano iko mkononi, foleni ya akina mama iko mbele yangu. Lakini uso huu laini kama yai lililomenywa ni wa nani? Ninyi wa mstari wa mbele, nitazameni. Tangu utotoni nimebeba vishimo vya ndui, mashavuni, puani, hadi kwenye kope, na sijawahi kuwa laini hata siku moja.

Nilipomuuliza Bwana Mtaalamu asubuhi, alinijibu kwa heshima zote: "Bibi, mashine ya kuskani ina sehemu ya kusafisha vumbi yenyewe. Picha ilikuwa chafu sana, tumeisafisha." Chafu! Kisha akaongeza, "Na umependeza, Bibi." Wanangu, katika kazi yangu nimetukanwa, na mbwa nimefunguliwa, lakini sijawahi kutukanwa na mtu anayetabasamu huku akisubiri shukrani.

Hata hivyo, mcheza kwao hutunzwa, basi naye ngoja nimtunze. Nimsifu kwa kasi: sanduku zima la negativu, zile filamu zinazozaa picha, kazi ya maisha ya mpiga picha wetu marehemu, yeye kalimaliza kama mtu anayefukuzwa. Nimsifu kwa usafi: nimemwona kwa macho yangu akifuta negativu kwa pindo la shati, lile lile alilofutia jasho, kisha akashangaa wodi ya wazazi imepataje mikwaruzo kutoka mlangoni hadi dirishani. Nimsifu na kwa ubunifu: daktari wetu mkuu wa kwanza, aliyeandika kwa mkono wa kulia maisha yake yote, pale ukutani anaandika kwa kushoto, kwa kuwa negativu iliwekwa kinyume, upande si wake. Mjane wake yupo hapa. Kaninong'oneza, "Dada, huyu ni mume wangu au pacha wake?"

Je, kazi hii haina wanaoiweza? Mjukuu wangu ana studio, na nimewahi kukaa naye akiskani negativu za harusi ya mama yake. Ananawa mikono. Anaishika filamu pembeni tu, anaipuliza kwa kipira cha hewa, anapitisha brashi laini, anaielekeza kwenye mwanga ajue upande wenye dawa ya picha uko wapi. Kisha anailaza iwe bapa, anaiacha mashine isome polepole kwa ukubwa wote, na anachokipata anakihifadhi kilivyo bila kukibana kiwe kidogo. Na ile sehemu ya kusafisha vumbi? Kwa filamu ya rangi anaiwasha, kwa nyeusi na nyeupe anaizima. "Bibi," aliniambia, "filamu hizi za zamani zina chembe za fedha ndani, na mashine inaziona kama uchafu. Ukiiruhusu isafishe, inakula na picha yenyewe." Vumbi la kweli analitoa mwenyewe baadaye, punje moja moja, macho kwenye kioo cha kompyuta. Haraka haraka haina baraka. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua, ila naona halikuandikwa kwenye zabuni yetu.

Mtasema bibi kizee analilia makovu, wenzake wangefurahi kurudishiwa ujana bure. Sikilizeni basi. Makovu haya ndiyo yaliyokuwa kazi yangu. Tulipoanza kuchanja, watu walifunga milango. Walisema sindano inaleta ugonjwa, inaua uzazi. Daktari alihutubia, hawakutoka. Matangazo yakabandikwa, wakayawashia moto jikoni. Mimi nilibisha hodi, nikasimama penye mwanga, nikamwambia mama mwenye nyumba: "Hebu niguse shavu. Weka kidole hapo. Mimi nilipona. Mdogo wangu, niliyelala naye mkeka mmoja, hakupona. Sasa chagua: mwanao apate kovu moja begani, au haya yangu yote?"

Walinigusa. Wakaleta watoto. Ndipo foleni ile mnayoiona pichani ikapatikana. Huyo binti laini mliyemtundika, nani angemfungulia mlango?

Mpiga picha wetu alilijua hilo. Enzi zile walikuwa wakirekebisha sura kwa penseli, naye aliniuliza, "Dada, nikupunguzie kidogo?" Nikamjibu, "Ukifuta hata kishimo kimoja, futa na foleni." Akacheka. Alikuwa na penseli mkononi, na akili ya kuiweka chini.

Yote haya yangesameheka, maana kilichoskaniwa vibaya huskaniwa upya. Lakini punde hivi Mheshimiwa Mkurugenzi ametutangazia, na baadhi yenu mkashangilia, kwamba negativu zenyewe zimemaliza kazi, na leo hii sanduku lake linakwenda kwenye tanuri la taka ili stoo iwe ofisi. Mheshimiwa, unamchoma shahidi kwa kuwa umempata wa kumwigiza? Zikiungua zile, mimi nitakuwa huyo binti milele, na mdogo wangu atakuwa amekufa kwa ugonjwa usio na uso. Hilo linaniuma, na siwezi kulimeza kwa ajili ya utepe.

Sina cheo cha kukuzuia. Nina ombi tu. Wote mliochanjwa enzi zangu, pandisheni mikono ya nguo. Naam, hapa hapa. Ninyi wa Bodi nanyi, suti hazitakunjamana zaidi ya nyuso zenu. Naliona bega la dereva. Naliona la mjane wa daktari. Mheshimiwa Mkurugenzi, vua koti, usione haya. Mama yako alikuleta kwangu ukirusha mateke, na ukaniuma kidole. Haya, geuka watu wakuone. Kile kikovu cha duara, wanangu, mnakiona? Mkono wangu ule. Mheshimiwa, hilo nalo ni vumbi? Tukusafishe?

Anatikisa kichwa. Anasema sanduku halitachomwa. Lisemee kwenye kipaza sauti, baba, wa nyuma hawakusikia.

Naam. Mmesikia nyote.

Utepe sitaukata leo. Nitaukata siku negativu zile zitakaposkaniwa kwa mikono iliyonawa, nami nikarudi ukutani na uso wangu. Mpaka hapo, mkasi huu nakwenda nao nyumbani. Namshukuru marehemu mpiga picha, nawashukuru akina mama walionigusa shavu, na ninyi nyote asanteni kwa masikio yenu, hata mliokuwa mkitazama saa.

Mheshimiwa, sasa unaweza kuvaa koti.