Ombi Lile Lile

Mheshimiwa Mkurugenzi wa karakana yetu, Mchungaji, wakuu wa vitengo, mafundi wenzangu, ndugu wageni waalikwa, na wewe Dereva uliyeketi hapo mbele kando ya mkeo: Bwana asifiwe!

Tumekusanyika kumuaga mkataji wetu, Mama Mkasi. Kwa miaka ishirini na sita hakuna sare ya shule iliyoshonwa humu bila kupita kwanza mezani pake. Mafundi wa cherehani mnamjua: ukimpelekea kitambaa kilichopinda anakurudishia bila neno, na wewe mwenyewe unajiona umepinda. Anastaafu miaka miwili kabla ya wakati, na sababu ameketi nayo. Miaka mitatu iliyopita mumewe, huyu Dereva, alipatwa na kiharusi akiwa anafunga kamba za viatu ili aende kazini, na tangu siku hiyo hajatamka neno. Binti yao aliyekuwa akimwangalia mchana ameolewa mbali. Sasa zamu ni ya mama.

Mimi ni msimamizi wake hapa, na kanisani ni mzee wa kanisa, na leo nina kosa la kuungama. Kwetu, kila Jumapili kuna kipindi cha ushuhuda, na anayeandika majina ni mimi. Mwezi wa nne wa ugonjwa nilikwenda kumjulia hali Dereva. Nilipoingia akatoa sauti. Ningengoja? Hata kidogo! Jumapili nikaandika: “Mama Mkasi, mumewe ameanza kusema.” Nikamwita mbele, vigelegele vikapigwa, naye akashika kipaza sauti akangoja tumalize.

“Ndugu zangu, hajasema. Alikohoa.”

Kisha akanigeukia nilipoketi.

“Mzee aliyeniandika ni mtu mwema, ila ana haraka kumshinda Mungu. Mimi leo sina ushuhuda. Nina ombi lile lile la wiki jana, na Mungu ni yule yule wa wiki jana.”

Akarudi kuketi. Nilikasirika, nisiwafiche. Baada ya ibada nikamfuata nikamwambia, “Mama, si ungesema tu kwa imani?”

Akanitazama kama anavyotazama kitambaa kilichopinda. “Mzee wangu, nikisema leo kwamba Mungu ameshafanya, siku akifanya kweli nitasema nini?”

Haraka haraka haina baraka. Methali hiyo naifahamu tangu utotoni, lakini siku hiyo ndipo iliponichapa. Je, ni wangapi kati yetu tunamtungia Mungu majibu kwa sababu tunaona aibu akikawia? Mama huyu hakumtungia. Kila Jumapili, kwa miaka mitatu, amesimama na ombi lile lile, na kila Jumatatu amekuja hapa saa moja na nusu kukata kola. Nimemwona akilia stoo, akajifuta kwa kipande cha bitana, kisha akarudi mezani. Nyumbani kwao nimeona jambo moja zaidi. Jioni humuuliza mumewe swali, “Chai imekolea?”, kisha hunyamaza kwa muda ule ambao mtu angejibu. Ndipo anapoendelea na mazungumzo.

Sasa la kwangu. Mwezi uliopita daktari aliniambia jicho langu la kushoto linazimika, na la kulia hana uhakika nalo. Mimi, mkaguzi wa mishono! Kila aliyeniuliza hali nilimjibu, “Mungu ni mwema,” nikapita mbio. Ni mwema kweli, lakini mimi nilikuwa najificha nyuma ya wema wake. Mke wangu nilimwambia jana tu. Alininunia, kisha akanishika mkono. Mheshimiwa Mkurugenzi, uniwie radhi kwa kukuacha ulisikie hapa. Naogopa. Sina ushuhuda. Nina ombi, na Jumapili hii jina la kwanza kwenye orodha litakuwa langu.

Mama Mkasi, hatuwezi kukuahidi kwamba mumeo atasema. Hatujui. Tunamjua unayemwomba, na tutakuja kwenu kuomba nawe. Meza yako tutaitunza, na asiguse mtu mkasi wako. Uko kwenye kifurushi hicho, nenda nao.

Nawe Dereva, ndugu yangu wa siku nyingi, nikusalimie vizuri kabla sijaketi. Habari za leo?

…

Haya. Ndugu zangu, asanteni kwa kunisikiliza, na asanteni zaidi kwa kungoja pamoja nami.