Madumu Mahali pa Mutiso

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mlioketi pakavu, na asifiwe zaidi na mimi, ambaye juzijuzi tu nilimsifu nikiwa nimekumbatia dumu la plastiki katikati ya bahari. Wengi mnanijua kwa makala zangu katika jarida letu la ushirika. Mnanijua pia kama yule ndugu anayewasahihisha watu Kiswahili wakiwa bado wanaomba. Leo sina wa kumsahihisha. Nimekuja kushuhudia wema wa Mungu, na nawaonya mapema: ushuhuda huu una furaha kidogo na majuto mengi.

Mimi ni mtu wa Njombe, nchi ya baridi, viazi na chai. Bahari niliiona nikiwa chuo kikuu, tena kwa mbali. Hapa Dubai mkate wangu unatoka katika ofisi ya bima, ambako nasoma madai ya ajali: nani kagongwa, nani kazama, nani anadanganya. Kila nilipofika kwa waliozama nilijiuliza, mtu mwenye akili zake anazamaje? Mungu ni mwalimu mvumilivu. Aliliweka swali langu mpaka siku ya kulijibu kwa vitendo.

Mwenzangu mmoja wa ofisini alinichukua kwenda kutazama mashindano ya kuvua changu, huyu changu wa huku ambaye Waarabu wanamwita subaiti. Mnavua wawili wawili, kila boti na watu wake. Samaki anawekwa ndani ya tangi lenye maji yanayozunguka, anarudi nchi kavu akiwa hai, anapimwa uzito, kisha anarudishwa baharini. Akifa mikononi mwako unapunguziwa alama. Matajiri walikuwa na boti zinazong'aa kama vyombo vya harusi. Nikazitazama nikasema moyoni: haya yote mtu anaweza kuyafanya kwa bei nafuu, akitumia kichwa. Hapo ndipo kiburi kiliponiingia! Sikuwa na kiburi cha pesa, maana pesa zenyewe sina. Changu kilikuwa kiburi cha akili, na hicho hakihitaji mtaji.

Nilimtafuta Ndugu Mutiso. Wageni hawamjui, basi niwaeleze. Mutiso ni Mkamba wa Machakos, mpishi katika hoteli moja ya Al Mankhool, mtu mkubwa wa mwili na wa kicheko, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akiimba besi kwenye kona ile pale. Kuhusu uvuvi alijua kama nilivyojua mimi, yaani sifuri. Nilipomweleza kwamba samaki anarudishwa, alinishika bega.

"Profesa, ngoja. Tunamtoa kwa maji, tunamlisha hewa, tunampima kama mtoto wa kliniki, halafu tunamwambia kwaheri?"

"Ndiyo."

"Aki Mungu atatuuliza hii maneno."

Lakini alikubali, kwa sababu Mutiso alikuwa mtu wa kukubali. Tulinunua boti ndogo ya alumini iliyokwishatumika, kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama nchi. Sakafu ya mbele tuliitengeneza kwa mbao za makreti ya fanicha, tukaifunika kwa kipande cha zulia kilichobaki mlipobadilisha zulia la ukumbi huu. Ndiyo, mama wa usafi, ni mimi niliyekichukua. Tangi la samaki lilikuwa kasha la barafu nililolitoboa na kulifungia pampu ndogo ya kuingiza maji na hewa. Pampu hiyo niliijaribu kwenye beseni la kuogea la nyumba yetu ya kupanga kule Al Nahda, tunakoishi watu wengi kwa bafu moja, na walinitukana kwa lugha nne.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penyewe. Injini ilikuwa nyuma. Betri nikaiweka nyuma. Mafuta nyuma, na kasha la samaki, lililojaa maji, nalo nyuma, ili yote yawe karibu na mkono wangu, mimi nahodha. Boti ikawa inainua pua kama ngamia aliyekataa mzigo. Badala ya kuhamisha vitu, nikakokotoa kwenye karatasi na kupata jibu: Mutiso aketi mbele. Uzito wake ulitosha kabisa. Nilipomwonyesha hesabu, alicheka mpaka akaketi chini.

"Kumbe kula kwangu ni huduma!"

Na ikawa hivyo. Yeye mbele, mimi nyuma, boti imelala sawa juu ya maji. Kuna jambo sikuliona wakati ule. Kila niliposogea nyuma zaidi kutazama kasha, Mutiso naye alisogea mbele, bila kuambiwa, bila kugeuka, huku akiimba. Nilidhani boti ni nzuri. Niliandika hata makala kuisifu, na jina la Mutiso halimo!

Ndugu zangu, ikafika siku ambayo tulikuwa na changu kwenye kasha kuliko siku zote. Wanene, wazima, wanapumua vizuri. Tulikuwa tunarudi kupima, muda unabana, tukamwona mtu kwenye mtumbwi wa plastiki, kasia limevunjika, upepo unamsukuma nje. Nikasema tuwapigie simu walinzi wa pwani, tuendelee. Ilikuwa hoja nzuri. Wao wana boti kubwa, sisi tuna kreti na zulia. Wakati naipanga hoja yangu, Mutiso alikwisha kurusha kamba.

Tulimvuta yule mtu polepole mpaka bandari ndogo ya wavuvi. Tulipofika, msimamizi alikuwa anafunga mizani.

"Khalas, sadiki," akasema, yaani imekwisha, rafiki. "Yalla, warudishe."

Nikawarudisha mmoja mmoja. Halafu, mbele ya washindani wote, nikamgeukia ndugu yangu katika Kristo nikamwambia, "Nilitafuta mvuvi mwenzangu, nikapata mpishi. Mchango wako humu ndani ni kilo zako tu."

Laiti angenijibu! Alikuwa na ulimi wa kunichoma na kunigeuza. Alisema tu, "Sawa, Profesa." Akachukua mfuko wake, akaenda kungoja basi.

Baada ya hapo tulikuja hapa kila ibada, yeye kwenye kona yake ya besi, mimi safu ya nyuma, nikisubiri aje kuniomba msamaha. Nilikuwa na hoja! Mliotuona mlidhani tuna amani, kwa sababu tulisalimiana. Kupeana mkono kunaficha mengi.

Kisha mkatangaza, na mimi nikiwepo, kwamba mkataba wa Ndugu Mutiso umekwisha na Jumamosi anarudi nyumbani kwa ndege ya mchana. Asubuhi kabla ya kuondoka angewapikia hapahapa ukumbini wote walioweza kufika. Jumamosi hiyohiyo kulikuwa na mashindano. Nikajiambia nitavua, nitashinda, nitawahi uwanja wa ndege nikiwa na tuzo mkononi, na msamaha utakuwa mwepesi kwa sababu nitakuwa na furaha. Ndiyo mipango ya mtu msomi.

Sikupata mwenzi, lakini kanuni zilimruhusu mtu kwenda peke yake. Mahali pa Mutiso niliweka madumu ya maji. Niliyajaza, nikayapanga mbele juu ya zulia, nikayafunga kwa kamba. Boti ikalala sawa. Nikafurahi! Nikasema, tazama, hayali, hayaimbi, hayarushi kamba.

Nilipata changu wazuri. Mmoja akaanza kulala ubavu ndani ya kasha, pampu ilikuwa imeziba. Nikasogea nyuma, nikainama kuizibua. Wakati huo boti kubwa ya matembezi ikapita, ikaacha wimbi. Madumu, ndugu zangu, hayasogei mbele. Nyuma ikashuka, maji yakaingia juu ya injini, yakaja mengine, betri ikafa na pampu ikanyamaza. Jaketi la kujiokolea nilikuwa nimelikalia kama mto, na nililiona likielea kwenda zake. Boti ikabaki imesimamisha pua hewani, mimi nikiwa majini. Changu wangu walitoka kwenye kasha kwa utulivu, kama watu wanaotoka ibadani.

Nilivuta dumu moja, nikamwaga maji yake, nikalikumbatia. Mimi ninayewasahihisha waombaji, sentensi haikunijia hata moja. Niliita, "Yesu!" Halafu nikaita, "Mutiso!"

Boti za washindani zilipita. Waliniona! Walipunguza mwendo, wakaniashiria simu sikioni, maana yake tutawapigia walinzi, wakaenda kuwahi mizani. Na walipiga kweli. Walinzi wa pwani walikuja, wakanitoa. Kwa hiyo hoja yangu ya siku ile ilikuwa sahihi kabisa, na ndiyo iliyoniokoa. Lakini kati ya simu na boti ya walinzi kuna muda, na muda huo mtu anaukaa peke yake, anameza chumvi, anatazama migongo ya watu walio sahihi. Sikuwahi kuuweka muda huo kwenye hoja yangu. Mutiso aliuona bila karatasi.

Wakati walinzi wananirudisha, ndege zilikuwa zinapaa juu ya maji, moja baada ya nyingine. Simu yangu ilikuwa imekufa mfukoni. Sikujua yake ni ipi, nikazipungia mkono zote. Mlinzi mmoja akaniuliza kama kichwa kiko sawa. Nikamwambia, inshallah.

Nilimpigia nilipopata simu nyingine. Alipokea kwa furaha, ndipo nikaumia zaidi.

"Profesa! Ulishinda?"

"Nilizama."

"Mbele uliweka nani?"

"Madumu ya maji."

Alicheka! Alicheka mpaka nikasikia watu wa kwao wakimuuliza kuna nini. Mimi nilikuwa nalia. Nikamwomba msamaha, vibaya, bila mpangilio wowote.

"Mimi nilikusamehe siku ile kwa basi," akasema. "Lakini ile asubuhi nilikungoja. Nilinunua changu sokoni, nikakupikia na nazi, ndiyo uonje mara moja tu ile kitu unarudishanga baharini. Nikakufunikia sahani. Dereva akapiga honi, nikamwambia ngoja kidogo. Akapiga tena. Ikabidi nimpee askari wa geti."

Ndugu zangu, msamaha ninao. Uhai ninao, na namshukuru Mungu aliyenitoa majini, aliyenitoa pia katika ugonjwa wa kuwa sahihi, ingawa huo bado unanirudia hasa nyakati za jioni. Namshukuru kwa walinzi, kwa dumu, hata kwa wale waliopiga simu. Boti ilivutwa ikarudi, iko uani kule Al Nahda, na haina mtu wa kuketi mbele.

Kama humu ndani yupo mtu unayesalimiana naye tu, usimalize wimbo wa kufungia ukiwa umekaa. Mtumaini Bwana, inuka, vuka safu, mwendee wakati viatu vyake bado viko kwenye mlango wetu. Usingoje uwe na tuzo mkononi. Nenda mikono mitupu, anakungoja hivyohivyo.

Mimi nimevua changu wengi kuliko wengi wenu. Ladha yake mwulizeni yule askari wa geti. Bwana asifiwe.