Bi Sikubali na Kumbukumbu za Wagonjwa

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mkuu wa chumba chetu cha kompyuta anastaafu. Hospitali nzima inamwita Bi Sikubali, na jina hilo ndilo pekee ambalo hajawahi kulipinga.

Alianza kwa kubadilisha kanda za kuhifadhia data, akasoma jioni, akalea mapacha, akapanda hadi ukuu. Mumewe, fundi cherehani, hulalamika kwamba picha ya harusi yao iko sebuleni, iko kwa shemeji na iko kwa mama mkwe, isije ikapotea.

Kisha zikaja kontena za kompyuta: kila programu imefungashwa pamoja na vyote inavyohitaji, nyepesi kuiweka, nyepesi kuitupa. Bi Sikubali alizipenda, ila kwa sharti. Kumbukumbu za wagonjwa zikae kwenye diski iliyo nje ya kontena, nakala yake iwe katika jengo jingine, na tujaribu kuirejesha kila mwezi. Mkurugenzi wa wakati ule akasema hayo yatachelewesha uzinduzi wa mfumo mpya, na wageni wameshaalikwa.

"Basi waje wazindue soda," akajibu kikaoni. "Mgonjwa wa figo si wa kuulizwa upya maisha yake kila mashine ikipiga chafya. Sikubali!"

Akahamishiwa stoo ya wino wa printa. Alikwenda kichwa juu, lakini kabla ya kukabidhi funguo alichukua nakala ya kila kitu, akaiweka jengo la pili na kututangazia sote.

Wiki ya uzinduzi, programu ya maabara ilipata toleo jipya. Kontena ya zamani ikatupwa, na kila kilichokuwa ndani yake, kumbukumbu zikiwemo. Skrini zikafunguka safi, bila jina la mgonjwa hata mmoja. Wauguzi wakaanza kuwauliza watu vitandani kundi lao la damu.

Mkurugenzi akashuka stoo mwenyewe.

"Rudi, dada yangu."

"Na masharti yangu?"

"Yote."

Jioni kumbukumbu zilikuwa zimerudi. Majibu ya wiki ile tu ndiyo tuliyoyaingiza upya kutoka kwenye mafaili ya wodini.

Wapo wanaonong'ona kwamba akiondoka yeye tutalegea. Wajaribu! Ametuachia chumba kizima cha wabishi.

Asante, Bi Sikubali. Pumzika, ulale hadi jua likuchoke, uwe na afya na furaha tele. Simu yetu ikilia usishtuke: tutakuwa tunajisifu tu.