Birika la Bi. Kamene Lichemshwe Kwanza

"Mteja wa Eastlands hununua birika Ijumaa, akachemshia wageni wake chai, kisha Jumatatu analirudisha akilia kwamba ni bovu." Hayo alituambia meneja wetu mkuu alipoeleza kwa nini kaunta ya kurudisha bidhaa itafungwa leo, tarehe 30 Juni, siku ileile anayostaafu Bi. Kamene Mbaluka, tunayemuaga hapa. Ni uongo. Miaka thelathini na mmoja ya Bi. Kamene katika tawi letu la Buruburu, hapa hapa Eastlands, inatosha kuukanusha.

Aliajiriwa kupanga sufuria. Baadaye akapelekwa kaunta ya nyuma, karibu na choo, mahali ambapo sote tulipakwepa kwa sababu kila anayefika pale amefika na hasira. Hakuondoka tena.

Dukani mwetu, kama kwingi Nairobi, kifaa huchomekwa mbele ya mnunuzi. Taa ikiwaka, risiti hupigwa muhuri wa "Kimejaribiwa", na tangu hapo shida ni ya mnunuzi. Bi. Kamene hakuutambua muhuri huo. Birika likirudishwa, alilijaza maji, akalichomeka na kungoja. Likichemka, alipika chai, na mlalamishi akainywa kabla ya kurudi nalo nyumbani. Lisipochemka, alitoa jingine, nalo likachemshwa vilevile. Mzee Jackton wa mtaa wa Umoja aliporudi mara ya tatu, alisema, "Kamene, leo birika kaa nalo. Nipe chai tu." Bi. Kamene akamjibu, "Keti, mzee. Na hili likigoma, tutakunywa soda."

Ni mjanja gani angepita hapo? Waliokuja kujaribu bahati walirudi kwao na mabirika yao na chai tumboni. Waliopewa mengine ni wale tuliowauzia takataka.

Mwaka jana, Bi. Kamene akiwa likizoni, Benta, anayeuza chai kwa mafundi wa soko la Gikomba, alileta birika lililokufa siku ya pili. Tulimwonyesha muhuri na kumwambia taa iliwaka. "Taa ninayo nyumbani," akasema. "Mimi nilinunua maji moto." Tukamwitia askari wa mlangoni. Asubuhi hiyo hakuuza chai, na sisi tulipokea mishahara yetu kama kawaida.

Bi. Kamene, ahsante kwa kuwaamini watu kiasi cha kuwachemshia maji. Huko Wamunyu unakorudi, upate afya, mvua ya kutosha na majirani wacheshi.

Nanyi wakuu wa meza ya mbele: ratiba inasema mtamzawadia birika la umeme kutoka rafu zetu. Msimpe likiwa ndani ya sanduku. Lifungueni hapa, litieni maji, lichomekeni, na tungoje sote. Taa ikiwaka, msipige makofi. Na maji yasipochemka, mwambieni mbele yetu kesho atalirudisha kwa nani.